Macho ya Kilio

Kila asubuhi, kabla jogoo wa jirani hajamaliza mbwembwe zake, Mwantumu alikuwa ameshaamka. Baridi ya Mbeya katikati ya mwaka si ya mchezo. Ukungu ulishuka kutoka mlima Loleza ukaketi juu ya mabati kama mgeni asiyejua kuaga, na maji ya mtungini yaliuma vidole. Kwa hiyo Mwantumu hakunawa uso. Aliingiza mkono chini ya mto, akavuta kanga kuukuu nyekundu na nyeusi, akajifuta tongotongo jicho hili na jicho lile, kisha akaizika pua yake humo na kuvuta pumzi mpaka kifua kikajaa.

Kanga ilinuka udi. Udi na mafuta ya nazi, na kwa mbali moshi wa jikoni kwao. Hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya mama.

Kwao Mwantumu ni Iringa, ambako baba yake, Bwana Mrisho, alikuwa na duka dogo karibu na soko. Shangazi yake Chiku, dada wa baba, aliolewa Mbeya na fundi cherehani aitwaye Makame, na Mungu hakuwajalia mtoto. Kwa watu wenye asili ya pwani waliokaa bara, jambo hilo lilikuwa na desturi yake: kaka humpa dada yake mtoto mmoja akae naye, amchangamshie nyumba. Hakuna anayesema mtoto amefukuzwa. Ni heshima, tena kubwa. Basi mwanzoni mwa mwaka ule wa 1954, Mwantumu akiwa na miaka kumi na mmoja, alipelekwa Mbeya, akaandikishwa darasa la nne.

Heshima aliielewa. Lakini kuelewa ni jambo moja, na kulala bila kusikia mama akikohoa chumba cha pili ni jambo jingine. Siku ya kuondoka, mama yake alivua kanga ya mabegani akamfunika nayo, akasema, "Ukiniwaza, jifunike hii." Tangu siku hiyo kanga ile haikuguswa na maji. Shangazi alipokusanya nguo za kufua, Mwantumu aliisukuma chini ya godoro. Aliona kwamba sabuni ikipita pale, mama naye atakuwa ameondoka.

Jioni alijifunika kanga hiyo, akainamia koroboi kusoma kitabu chake, pua karibu iguse utambi. Moshi ukimwingia machoni, akajifuta kwa pembe ya kanga. Akimkumbuka mama, machozi yakamtoka, akajifuta kwa pembe ileile.

Siku moja alikuwa akirudi kutoka shule akakuta lori la Bwana Marcelino limesimama mbele ya duka la jirani. Marcelino alikuwa dereva wa njia ya Iringa, mtu wa sauti kubwa, na kila mtu pale mtaani alimtuma salamu.

"Wee binti Mrisho! Njoo hapa!" alimwita. "Nina salamu zako, nzito kuliko magunia haya."

"Shikamoo, Bwana Marcelino. Salamu gani?"

"Marahaba. Mama yako amejifungua. Mtoto wa kike! Baba yako kasema shule zikifungwa nikupakie mbele hapa kama bibi mkubwa, ufike mama hajatoka arobaini."

Mwantumu alishindwa kuamua acheke au alie. "Anafanana na nani?"

"Sasa mimi dereva, mtoto nitaonyeshwa na nani? Nilionyeshwa magunia."

Tangu siku hiyo Mwantumu hakuwa na wazo jingine ila uso wa mdogo wake. Alipochota maji, aliuwaza. Alipopeta mchele, aliuwaza. Je, amechukua paji la baba, lile pana? Au mdomo wa mama, mdogo kama kifungo? Akijaribu kumchora kichwani, uso ulikuja bila macho wala pua, kama mkate ambao haujaokwa. Hapo tena machozi yalimlengalenga, na kanga ikafanya kazi yake.

Kufikia wakati huo macho yake yalikuwa mekundu kutoka asubuhi mpaka jioni. Asubuhi kope zilishikana, ikabidi azibandue kwa vidole. Mwanga wa jua ulimchoma. Shangazi Chiku alimtazama kwa huruma, akamkalisha mapajani ingawa alikuwa mkubwa, akamfuta kwa upindo wa kanga yake mwenyewe.

"Ni macho ya kilio haya," alimwambia mumewe. "Mtoto anamlilia mama yake."

Alimkanda macho kwa chai ya rangi iliyopoa, kama alivyofundishwa na jirani. Akampikia vitumbua. Akamwimbia. Alifanya yote yanayoweza kuutibu moyo, na yote aliyafanya kwa mapenzi. Macho hayakupona.

Shuleni maandishi ya ubaoni yalianza kuogelea. Wasichana wa nyuma wakampa jina: Macho Nyanya. "Macho Nyanya, tuuzie fungu moja!" walimwita, wakacheka. Mwalimu wao, Mwalimu Eliezeri, aliwakemea, akamsogeza Mwantumu dawati la mbele. Yeye naye aliambiwa kwamba mtoto ana kilio, akasema kwa upole, "Utazoea, binti."

Aliyekuwa hasemi kwa upole ni Yudith. Yudith, mwenzake wa darasani, alikuwa Mnyakyusa, akitembea kila siku kutoka Ilomba, na ulimi wake haukuwa na breki. Siku moja walikuwa wameegemea ukuta wa shule wakila viazi vya kuchoma.

"Wewe Mwantumu, nani kakudanganya kuwa hicho ni kilio?"

"Ni kilio. Namkumbuka mama. Wewe huwezi kujua, mama yako unaye."

"Ndiyo, ninaye. Na mdogo wangu Lutengano anaye pia, yuko mgongoni mwake tangu asubuhi mpaka jioni. Mbona macho yake yako vilevile kama yako? Yeye anamlilia nani? Anamlilia mbuzi?"

"Usimfananishe mama yangu na mbuzi!"

"Sijamfananisha mtu. Nasema hayo macho yanaumwa."

Mwantumu alitupa ganda la kiazi akaondoka. Siku mbili hakuzungumza na Yudith. Si kwamba hakumwamini. Alichokiogopa ni kwamba huenda Yudith anasema kweli, na kama ni ugonjwa, watu wazima watamzuia safari. Akaanza kujificha. Akiamka, alibandua kope zake kabla shangazi hajamwona. Akiulizwa kama macho yanawasha, alisema hapana. Na kila alipojificha, alijifichia ndani ya kanga.

Ikafika asubuhi moja wakiwa wanakunywa uji. Shangazi Chiku alikuwa akijisugua jicho kwa mgongo wa mkono, akaliacha, akalirudia. Lilikuwa jekundu, limevimba.

Baba Makame, hivyo ndivyo Mwantumu alivyomwita mume wa shangazi, aliweka bakuli chini. "Mtoto anamlilia mama yake, sawa," alisema. "Lakini wewe mke wangu unamlilia nani, na mimi nimekaa hapa mzima?"

Shangazi alitaka kucheka, kicheko kikaishia njiani. Alimtazama Mwantumu, Mwantumu akatazama uji.

"Vaa," shangazi alisema. "Tunakwenda dispensari."

Dresa, yaani mtoa dawa wa pale, aliitwa Bwana Bartholomeo. Alinawa mikono kwa sabuni, akamsogeza Mwantumu kwenye mwanga wa dirisha, akamgeuza ukope wa juu taratibu kama mtu anayefunua ukurasa.

"Njoo uone, mama," alimwambia shangazi. Ndani ya ukope kulikuwa na chembechembe, kama chenga za mchele. "Haya yana muda gani?"

"Ni macho ya kilio, Bwana Dresa. Ametengana na mama yake."

"Machozi ya kumkumbuka mama hutoka yakakauka, mama. Hayaachi tongotongo. Hayabandiki kope asubuhi. Hivi ni vikope, ugonjwa wa macho wa kuambukiza, na wewe ameshakuambukiza." Akamgeukia Mwantumu. "Unajifutia nini, binti?"

Mwantumu alitazama dirishani. "Sijifutii kitu."

"Hata kitambaa?"

"Hata kitambaa."

Shangazi akaeleza habari ya safari na mtoto mchanga aliyezaliwa Iringa. Bwana Bartholomeo akatikisa kichwa. "Mpaka macho yakauke. Mtoto mchanga hawezi kukimbia akimwona mtu mwenye vikope anakuja kumbusu. Mwache apone kwanza." Kisha akawaambia wasubiri nje kwenye benchi, awaandalie dawa.

Mwantumu alitoka akiwa haoni vizuri anakokanyaga. Kwenye benchi aliketi mama mmoja, amefunga kilemba, ameshika fimbo. Nywele zake zilikuwa nyeusi bado. Kope zake zilikuwa zimegeukia ndani, zikikwaruza jicho kila alipopepesa, na mboni zilikuwa na utando mweupe kama maziwa yaliyomwagika. Shingoni alining'iniza kikoleo kidogo kwa uzi, cha kung'olea kope.

"Kamwene," alisema yule mama aliposikia mtu ameketi.

Mwantumu alishtuka. Ni salamu ya kwao Iringa, aliyoisikia sokoni tangu hajajua kutembea. "Kamwene, mama," alijibu.

"He! Mtoto wa Iringa! Mimi ni wa Chimala, Msangu. Mama Kalinga wananiita. Mwanangu kanileta hapa, kaenda kutafuta mahali pa kula." Alitega sikio. "Mbona unavuta makamasi? Umechomwa sindano?"

"Hapana. Nimekatazwa kwenda kumwona mdogo wangu. Amezaliwa, na mimi sijauona uso wake."

Mama Kalinga alicheka kidogo, si kwa furaha. "Basi tumekutana wenyewe. Mimi nina mjukuu, mtoto wa Kalinga. Nimemshika kichwa chote. Masikio nayajua, pua naijua, hata kovu la gotini nalijua. Uso wake sijauona. Na nalala naye mkeka mmoja."

Mwantumu aliacha kulia.

"Uliumwa nini, mama?"

"Haya haya ya kuwasha. Utotoni tulilala sita, tukajifuta uso na kitambaa kimoja cha bibi. Nani alijali? Kila mtoto wa kwetu alikuwa na tongotongo, tukaona ndiyo sura. Yakipoa, yanarudi. Yakipoa, yanarudi. Mpaka kope zikageuka." Alipepesa, akakunja uso kwa maumivu. "Wewe utangoja wiki chache, mwanangu, utamwona. Ngoja tu."

Mwantumu aliinuka. Shangazi Chiku aliita, "Unakwenda wapi?" lakini alikuwa ameshafika mlangoni kwa dresa.

"Bwana Dresa, nilisema uongo. Nina kanga ya mama. Iko chini ya godoro. Sijaifua tangu nije Mbeya, na ndiyo ninayojifutia, asubuhi na jioni."

Alingoja kugombezwa. Bwana Bartholomeo aliweka chini kichupa alichokuwa akikifunga. "Umefanya vizuri kusema. Ningekupa dawa leo, na kesho ungejirudishia ugonjwa kwa kanga. Tungeendelea hivyo mpaka sote tuzeeke."

"Na mimi," shangazi alisema nyuma yake kwa sauti ndogo, "nilimfuta kwa upindo wangu, kisha nikajifuta mimi. Nilidhani nambembeleza."

"Ulimbembeleza, mama. Mapenzi hayana kosa. Kitambaa ndicho chenye kosa." Akawaeleza: kila mtu awe na kitambaa chake, kifuliwe na kuanikwa juani, uso uoshwe kila siku kwa sabuni, baridi iwe baridi, vidole visisugue macho, inzi wafukuzwe usoni, na huyu anayesoma akiwa ameinamia koroboi aiweke mbali, kando, moshi usimwingie. "Na chai," alimalizia, "ni ya kunywa."

Nyumbani, shangazi aliteka maji, akateleka debe mekoni. "Lete, nitaifua mimi," alisema.

"Hapana, Shangazi. Naomba niifue mwenyewe."

Aliiingiza kanga majini kwa kijiti, sehemu baada ya sehemu, kama mtu anayemwogesha mtoto anayeogopa. Maji yalipochemka, mvuke ukapanda, na ndani ya mvuke harufu ya udi ikatoka yote kwa pamoja, nzito na tamu, kana kwamba mama amepita jikoni akiwa amevaa nguo za Idi. Mwantumu alisimama pale akaipokea. Kisha ikapungua. Kisha kikabaki kitu kinachonuka sabuni.

Alilia, na safari hii hakujifuta. Shangazi alichuchumaa kando yake bila kumgusa uso, akamshika mabega.

"Najua unamtaka mama yako," alisema. "Sikukuomba kwa baba yako ili ulie. Nilikuomba kwa sababu nyumba hii ilikuwa kimya mno. Nilipoona machozi yako nikaogopa. Nikasema, nikikiri mtoto anaumwa, watamchukua, watasema Chiku hajui kulea. Kwa hiyo nikayaita kilio. Na mimi nilijificha, mwanangu, kama wewe."

Mwantumu hakuwahi kujua kwamba mtu mzima naye anaweza kutamani kitu hivyo. Aliegemeza kichwa begani kwa shangazi, wakakaa hivyo mpaka moto ukafifia.

Baba Makame alikata kitambaa cha marikani vipande vitatu, akavipinda kingo kwa cherehani. Chake akakitia uzi mweusi, cha mkewe mwekundu, cha Mwantumu kijani. "Atakayegusa changu nitamshtaki bomani," alisema. Asubuhi Mwantumu alinawa kwa maji yale ya kuuma vidole, akipiga kelele kila mara, na shangazi akimpaka dawa ya manjano ndani ya kope. Mwantumu aliomba kipande kimoja zaidi cha marikani, akampelekea Yudith.

"Cha Lutengano," alisema. "Dresa anasema mumpeleke. Na, Yudith, ulisema kweli."

"Nasema kweli kila siku," Yudith alijibu, "ila mnasikia mara moja moja."

Shule zikafungwa. Lori la Marcelino likaja, likapiga honi mbele ya nyumba. Siku hiyohiyo asubuhi dresa alikuwa amegeuza kope za Mwantumu akasema, "Bado kidogo." Hakuna aliyemshika mkono kumzuia. Angeweza kusema amepona. Marcelino hakujua kope wala vikope. Badala yake alitoka barazani akasema mwenyewe, "Nenda tu, Bwana Marcelino. Bado naumwa. Mwambie mama nitakuja nikiwa safi." Lori likashika njia, na vumbi lake likabaki hewani muda mrefu. Mwantumu akalitazama mpaka likaisha.

Zilikuwa siku ngumu. Lakini asubuhi zile kope hazikushikana tena, jua likaacha kuchoma, na miti kule Loleza ikaanza kuonekana mmoja mmoja badala ya doa moja la kijani. Aliporudi kwa Bwana Bartholomeo, yule dresa alitazama kulia, akatazama kushoto, akatazama tena.

"Nenda ukambusu," alisema.

Marcelino alipopita tena, alimpakia mbele kama alivyoahidi. Walipita Chimala penye magunia ya mpunga, wakalala Makambako kwa ndugu wa dereva, na kesho yake mchana wakaingia Iringa. Zilikuwa zimebaki siku chache mama atoke arobaini.

Baba alimpokea dukani, akamwongoza uani. Mlango wa chumba cha mama ulikuwa wazi nusu. Mwantumu alisimama kizingitini, na kila kitu mwilini mwake kilitaka kukimbia.

"Mama, shikamoo. Naomba maji na sabuni kwanza."

"Marahaba, mwanangu! Maji? Umekuwa mgeni hata hunisogelei?"

Akanawa mikono, akanawa uso, huku akisimulia yote kwa haraka, vikope, kanga, uongo aliousema, na lori aliloliacha liende. Mama alisikiliza. Mwantumu alipofika mahali pa kanga kuchemshwa, alishusha sauti. "Harufu yako ilitoka yote, Mama. Nisamehe."

"Njoo hapa," mama alisema. Alimvuta karibu, akamtazama macho yake yaliyotulia, meupe mahali peupe. "Nilikupa kanga ikupe joto, sikukupa ikuchukulie macho. Mimi huwezi kunipoteza kwa sabuni, Mwantumu. Lakini ungepoteza macho, ungenipoteza mara ya pili, hata nikiwa nimekaa mbele yako. Ukimpenda mtu, tunza macho ya kumwonea. Nawa, usichangie kitambaa, na kikikuuma kitu sema siku hiyohiyo. Na huyu mdogo wako utamfundisha wewe. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Haya. Anaitwa Mwanahawa. Mtazame."

Mama akafunua nguo taratibu. Paji lilikuwa la baba, pana kabisa. Mdomo ulikuwa wa mama, kama kifungo. Lakini sikio moja lilikuwa limejikunja kwa juu, halikuwa la mtu yeyote, lilikuwa lake mwenyewe, na Mwantumu hakuwahi kuliwaza hilo hata mara moja. Mtoto alipiga miayo, akafungua macho meusi yanayong'aa, akayatuliza usoni mwa dada yake.

Walitazamana. Mwanahawa ndiye aliyechoka kwanza, akasinzia, na Mwantumu akabaki vilevile, anatazama.